Mgeni wa Upande Ule

Serikali ilikuwa imemnyima Graeme Tolhurst pasipoti, na ilifanya vema. Mtu aliyehukumiwa kwa kuwanajisi watoto, na kuamriwa aripoti polisi maisha yake yote, hana haki ya kupanda ndege kwenda kutafuta watoto wengine katika nchi zisizojua habari zake. Sheria hiyo ilipopitishwa, wapo waliolalamika kwamba mtu akimaliza kifungo amekwisha kulipa. Sajini Keziah Warria hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amekaa na wazazi wa watoto wale, na alijua ni nani waliokuwa bado wanalipa.

Lakini katika Australia yote upo mlango mmoja usio na kitasa, na mlango huo uko kwetu Visiwani, kaskazini kabisa. Kutoka kisiwa cha Saibai hadi pwani ya Papua, chai haipoi kikombeni. Watu wa pande hizo mbili walioana tangu kabla wamisionari hawajatuletea Nuru. Na serikali mbili zilipochora mpaka katikati ya bahari, zilikuwa na busara ya kuwaacha wenyeji wavuke bila pasipoti, waende katika misiba yao na kuvua samaki wao. Ni desturi njema iliyolindwa na mkataba mwema. Tolhurst alikusudia kuitumia kama mwizi atumiavyo mlango wa kanisa.

Keziah alilitambua kusudi hilo hatua kwa hatua. Tolhurst hakufika katika kituo cha polisi mjini Cairns siku iliyompasa, na chumba chake kilikutwa kitupu. Dada yake, ambaye hakumpenda wala hakumficha, alisema kwamba kaka yake alikuwa akijifunza Pisin, lugha ya Papua, kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa, "jikoni kwangu asubuhi nzima, kama kasuku." Mwenye duka la dawa la mtaani alikumbuka mteja aliyenunua vidonge vya malaria. Cairns hakuna malaria, wala hakuna haja ya Pisin. Mtu wa namna hiyo anakwenda Papua, na asiye na pasipoti ana njia moja tu.

Kwa hiyo Keziah alipanda ndege ndogo ya asubuhi kutoka Thursday Island kwenda Saibai, akiwa na picha moja ya zamani: mwanamume mnene, nywele tele, ndevu zimenyolewa. Picha kama hiyo hufanana na kila mtu na isifanane na mtu yeyote.

Aliyempokea uwanjani alikuwa Dimas Gebadi, mlinzi wa mpaka pale kisiwani, mzee mpana aliyevaa shati la kazi lililopigwa pasi na kandambili. Kwa umri wake Keziah alimwita Awa, yaani mjomba, kama tunavyowaita wanaume wote wa rika la baba zetu.

"Karibu, binti wa Masig," alisema Dimas, akikitaja kisiwa alikozaliwa. "Umetuletea mvua au shida?"

"Shida, Awa."

"Afadhali. Mvua ingetuharibia karamu."

Siku hiyo Saibai ilikuwa ikifunua jiwe la kaburi la mzee Kaigey. Mwaka mzima jiwe lilikuwa limesubiri, na sasa lilisimama makaburini likiwa limeviringishwa vitambaa vya maua, asilione mtu kabla ya saa yake. Boti za Papua zilikuwa zimefika tangu jana, na moshi wa matanuru ya ardhini ulikuwa umetanda juu ya ukuta wa bahari.

Barazani kwa Dimas, Keziah alieleza neno kwa neno mtu anayemtafuta ni nani na alifanya nini. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kikombe asinywe.

"Akivuka, Awa, ndani ya saa moja atakuwa katikati ya watoto ambao wazazi wao hawajawahi kusikia jina lake. Hapo mimi sina mkono."

"Anakwenda kijiji gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka nimshike huku. Kuna wazungu gani kisiwani?"

"Wa kukaa ni mwalimu mkuu na nesi, wote wanawake. Wa kupita ni wawili. Kuna Dessie Crofts, fundi wa mtambo wa maji. Huyo kazi yake kununa. Na kuna Kelvin, mpiga picha."

"Kelvin ni nani?"

"Mgeni wa msiba. Ameletwa na upande wa Mikono. Mtu mpole sana! Jana kashinda anamenya mihogo na kina mama."

Mikono ndilo jina tunalowapa wakwe wa marehemu, ambao kwa desturi hubeba kazi zote za msiba: huchimba, hupika, hushona vitambaa vya jiwe, wala hawali mpaka ukoo wa marehemu ushibe. Mgeni wa Mikono ni mgeni wa heshima. Hakuna anayemwuliza katoka wapi. Kufanya hivyo ni kumwambia kwamba chakula hakitoshi. Keziah alikuwa amelelewa vizuri. Hakuuliza zaidi.

"Twende kwa fundi," alisema.

Banda la mtambo wa maji lilikuwa ukingoni mwa mikoko. Dessie Crofts, mwanamume mwembamba mwenye ndevu nyekundu, alikuwa mlangoni akifunga mdomo wa gunia. Alipoiona sare ya Keziah alilitupa gunia begani, akaingia matopeni mbio.

"Dessie!" Dimas alipaza sauti. "Huko kuna mamba, ndugu yangu! Mamba hana karamu leo, utakuwa karamu wewe!"

Keziah hakumkimbiza. Aliizunguka mikoko kwa njia kavu ya wavuvi, akasimama pale mkondo unapotokea, akangoja. Baada ya kitambo Crofts alitokea mwenyewe akihema, matope mpaka mapajani, akamkuta sajini amesimama mbele yake kama mtu anayesubiri feri.

"Weka gunia chini. Jina lako kamili?"

"Desmond Arthur Crofts. Sikiliza, afande, mimi naweza kueleza..."

"Eleza gunia kwanza."

Gunia lilikuwa likitembea lenyewe. Dimas alilifungua kwa ncha ya kandambili, akachungulia, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Majike! Kaa majike watupu! Sajini, umekamata muuaji wa ukoo mzima wa kaa!"

Kuvua kaa majike ni kosa katika jimbo letu la Queensland, na faini yake si ndogo. Keziah alimtazama Crofts mikononi: vidole vilivyopasuka, mafuta ya mashine yaliyoingia katika ngozi kwa miaka, kovu la kuungua la zamani. Katika maisha yake Tolhurst hakuwahi kushika chochote kizito kuliko kalamu. Keziah alitoa mfukoni mtambo mdogo wa alama za vidole, akauweka juu ya kidole gumba cha fundi. Mtambo ulisema ukweli uleule aliousema fundi.

"Warudishe majini," alisema Keziah. "Wote. Nami nitasimama hapa nikuangalie."

"Hata huyu mmoja mkubwa?"

"Hasa huyo."

Waliporudi kijijini, Keziah alikwenda kwa Aka Mersai, dada wa marehemu na mkubwa wa ukoo. Kwetu Aka ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa nusu ya kisiwa. Alikuwa ameketi juu ya mkeka katika gauni jeupe, fimbo mapajani.

"Aka, namtafuta mtu. Nimekuja kukuomba ruhusa nipite katikati ya watu wako."

"Pita. Lakini leo ni siku ya kaka yangu. Hakuna kushikana mashati mpaka jiwe lifunuliwe."

"Nimekubali, Aka."

Dimas alishangaa walipotoka. "Umekubali hivyohivyo tu? Na mtu wako akiondoka?"

"Hakuna nahodha atakayetia injini moto kabla jiwe halijafunuliwa. Nani ataibeba aibu hiyo? Mpaka hapo, Aka Mersai ananilindia mpaka kuliko boti zote za serikali."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa amefanya kazi na polisi wengi kutoka kusini, wenye haraka na makelele, na aliona kwamba huyu alikuwa wa namna nyingine.

Alasiri baragumu la kome lililizwa, mlio mrefu mmoja, na watu wote wakaelekea makaburini. Kasisi aliomba. Vijana wa Mikono wakavivua vitambaa kimoja baada ya kimoja, mpaka jiwe jeusi likabaki linang'aa na jina la Kaigey kwa herufi za dhahabu. Wanawake walilia, na wimbo wa kanisa ukapanda kwa sauti nne kama unavyoimbwa Saibai, pasipo kinanda na pasipo kosa. Kila mwenye simu aliinyosha kuelekea jiwe.

Kelvin alikuwa kando, mtu wa makamo, mwembamba, kichwa kimenyolewa, ndevu za kijivu zimechongwa vizuri. Alipiga picha nyingi. Keziah alimwona ameligeuzia jiwe mgongo, akadhani anakimbia jua.

Karamu ikaanza. Mikono walipita na sinia za nyama ya kasa na nguva, na mihogo iliyopikwa kwa tui. Keziah aliketishwa karibu na Aka Mersai. Serah Aragu, dada wa mjane na kiongozi wa Mikono, alikuja kumjazia sahani.

"Kula, Sajini. Polisi mwembamba hatishi mtu."

"Ahsante, dada."

Aka Mersai aliinua fimbo kidogo. "Serah, Mikono wenu wamefanya kazi njema. Hata mpiga picha mmetuletea! Mungu awabariki."

Serah alisimama na sinia mkononi. "Mpiga picha yupi, Aka?"

"Huyo Kelvin."

"Kelvin si wetu. Kelvin ni wenu! Sisi tulisema, jamani, ukoo wa marehemu una moyo, wamemlipia mtu mpaka kutoka Cairns."

"Nani kamlipia? Mimi nilimkuta anamenya mihogo yenu."

"Na mimi nilimpa mihogo kwa sababu ni mgeni wenu!"

Keziah aliweka sahani chini.

Mgeni wa watu wote si mgeni wa mtu yeyote. Kila upande ulimlisha kwa heshima ya upande wa pili, na Keziah mwenyewe, aliyezaliwa katika Visiwa, alifuata adabu ileile akampita. Sasa mambo mengine yalijipanga. Jua la alasiri lilikuwa likilipiga jiwe usoni. Aliyeligeuzia jiwe mgongo alikuwa analielekea jua, wala halikimbii. Mbele ya kamera yake, wakati watu wazima wote wakilia, hapakuwa na kitu ila watoto waliokuwa wamekaa nyasini.

"Dada Serah, alileta nini msibani? Kitambaa? Mchele?"

"Hakuleta kitu. Ana begi kubwa la plastiki, lile la kuzuia maji, lakini halifungui. Nilisema labda ni kamera."

"Yuko wapi?"

Serah alitazama huku na huku. Dimas ndiye aliyeonyesha kidole, na kidole chake kilionyesha bahari. Maji yalikuwa yamejaa, na boti za Papua zilikuwa zikiondoka. Ya kwanza ilikuwa imeshauacha ukuta, inateremka katika mkondo, na katikati ya vichwa vyeusi kilionekana kichwa kimoja kilichonyolewa.

"Boti yangu iko juu ya gari, injini ukutani," alisema Dimas. "Mpaka niishushe, wameshafika."

Keziah alipiga magoti mbele ya Aka Mersai.

"Aka, nimengoja mpaka jiwe limefunuliwa. Sasa nakuomba baragumu."

Baragumu la kome ni mali ya ukoo wenye msiba. Likilizwa mara tatu baada ya karamu, maana yake nyumba ya marehemu inawaita waliokwisha kuondoka. Na tangu enzi za mababu hakuna nahodha wa upande wowote aliyelisikia akaendelea na safari.

Bibi alimkazia macho. "Limelia leo kwa ajili ya kaka yangu. Unataka nililize kwa ajili ya mtu wa namna hiyo?"

"Kwa ajili ya watoto wa ng'ambo, Aka."

"Dimas," alisema Aka Mersai, "unangoja nini? Una pumzi au huna?"

Pumzi Dimas alikuwa nayo. Alipanda juu ya ukuta wa bahari akaliliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Boti iliendelea mwendo mfupi. Kisha mlio wa injini ukashuka. Kichwa kilichonyolewa kiliinuka, na mkono wake ukaonekana ukielekeza mbele, kuelekea Papua, mara mbili, mara tatu. Pua ya boti ikageuka kuelekea Saibai.

Nahodha alikuwa mzee mfupi aliyeitwa Amuku, mwenye kofia ya majani. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, uso umejaa hofu.

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu," alijibu Keziah. "Baba, huyu mzungu umembeba kama nani?"

"Huyu? Mwalimu wetu mpya. Alipiga simu kwa mjumbe wa kijiji, akasema tukija kwenye jiwe tutamkuta hapa. Anatufungulia darasa la watoto wadogo. Kuna nini?"

Kelvin alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri. Lilikuwa limekwisha kumfanyia kazi nyingi.

"Samahani, dada, nadhani kuna kutoelewana. Wenyeji wameniambia hapa hakuna haja ya pasipoti."

"Nani amekuuliza pasipoti?"

Kelvin alilivuta begi lake karibu.

"Nimeuliza nahodha amekubeba kama nani. Pasipoti umeitaja wewe. Panda ukutani."

"Mimi ni mgeni wa msiba."

"Wa upande upi?"

Alitazama juu. Aka Mersai alikuwa amefika, amesimama kwa fimbo; kando yake Serah, mikono bado ina mafuta ya karamu. Pande zote mbili zilikuwa hapo, zikingoja kusikia jibu.

"Alikula kwetu," alisema Serah.

"Na kwetu," alisema Aka Mersai. "Tulimlisha sote. Hilo halina aibu. Aibu ni yake."

Kelvin alipanda. Keziah aliuweka mtambo juu ya kidole chake gumba, na mbele ya mashahidi akasoma kwa sauti jina lililotokea: Graeme Tolhurst. Kisha akalifungua begi la plastiki juu ya ukuta. Ndani hapakuwa na kitabu hata kimoja. Palikuwa na mipira midogo, peremende, kamera ya pili, na magauni ya watoto, mapya, yamekunjwa kwa uangalifu. Amuku aliutwaa mmoja wa mikono ya gauni kwa vidole viwili, akaupima kwa jicho, akauachia kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mjukuu wangu ni wa kipimo hiki," alisema polepole.

"Nimetumikia kifungo changu," alisema Tolhurst, na sasa sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nimelipa. Mtu hawezi hata kwenda mahali akaanza upya?"

"Australia ni pana, na ungeweza kuanza upya popote ndani yake mradi uripoti," alisema Keziah. "Ulikatazwa kutoka bila ruhusa, ukajaribu kutoka. Uko chini ya ulinzi." Akamfunga pingu, akamsomea haki zake zote bila kuruka neno, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kwa Crofts na kaa wake.

Tolhurst aliugeukia umati. "Lakini nyinyi mnavuka kila siku! Hakuna anayewauliza!"

"Sisi tunavuka kwenda kuzikana," alisema Dimas. "Wewe ulikuwa unavuka kumfanya nini nani?"

Walimpeleka kwenye baraza la Dimas kungoja ndege, mwalimu mkuu akiwa shahidi na mlango ukiwa wazi, kama utaratibu unavyotaka. Hakuna aliyemtupia jiwe wala tusi. Serah alimletea maji, kwa kuwa kazi ya Mikono ilikuwa haijaisha.

Keziah alirudi ukutani. Boti nyingine zilikuwa zimekwenda. Amuku alikuwa bado ameishika kamba, watu wake wamekaa ndani ya boti na mabaki ya karamu mapajani.

"Mama polisi," alisema, "sheria yenu ilijua habari zake?"

"Ilijua."

"Sisi hatukujua. Huku mna vitabu, mna mashine za vidole. Kule kwetu, nani angetuambia?"

"Hakuna, baba. Ndiyo maana sheria inasema asitoke."

Mzee alilitafakari neno hilo, akaliona lina uzito, akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuiachia kamba.

"Watoto wapo ufukweni tangu mchana. Walimu wamewafundisha wimbo. Wameshona mashada ya maua ya kumvika mgeni shingoni. Sasa nikifika, niwaambieje?"

Keziah alitazama ng'ambo, ule mstari mwembamba wa mikoko uliokuwa karibu mno.

"Waambie waimbe," alisema, "na hayo mashada wakuvike wewe. Boti imerudi na watu wake tu."

Amuku aliitoa kofia yake ya majani, akaivaa tena. Kisha akaiachia kamba.